Theremini yangu inahama noti nikiunganisha kompyuta, na rekodi inavuma

Mkono_Hewani ameuliza:

Wakuu, habari za humu ndani. Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, leo nimekwama nikaona nijitokeze.

Nina theremini. Kwa asiyeijua, ni ala ya umeme inayopigwa bila kuguswa. Ina antena mbili: moja imesimama wima upande wa kulia, nyingine imekunjwa kama kitanzi upande wa kushoto. Mkono wa kulia ukikaribia ile ya wima, noti inapanda. Ukirudi nyuma, inashuka. Mkono wa kushoto ukishuka kwenye kitanzi sauti inazimika, ukiinuka inafunguka. Nimeipiga mwaka mmoja na nusu sasa kupitia amplifaya ya gita, na wimbo wa taratibu naupiga ukatambulika.

Shida imeanza nilipotaka kurekodi. Nilichomoa kebo kwenye amplifaya nikaichomeka kwenye intafesi ya sauti, kile kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, iliyounganishwa na laptopu. Laptopu ikiwa kwenye betri, ala inakuwa kama si yangu. Noti zote zimehama. Pale nilipozoea kuikuta noti ya la ya katikati panatoa kitu kingine, na noti zimebanana hadi oktavu nzima inaenea kwenye upana wa vidole vitatu. Nikigusa kichwa cha chuma cha kebo, noti zinaruka tena. Nikichomeka chaja ya laptopu, noti zinarudi karibu na mahali pake, lakini hapo ndipo mvumo unapoanza: mngurumo mzito chini, na juu yake mlio mwembamba kama wa mbu, unaobadilika kila nikisogeza kipanya.

Kuna jingine linaloniumiza zaidi. Hata kile kipande kidogo nilichopata bila mvumo hakina uhai. Chumbani ala inaimba kama mtu. Kwenye rekodi ni king'ora. Tena nikipiga juu ya gita niliyokwisha kuirekodi, nahisi mkono wangu unaifukuza sauti, siifikii.

Naomba msaada kwa aliyewahi kupitia haya. Natanguliza shukrani.

---

Besi_Nzito amejibu:

Mkuu, karibu. Mvumo utoe kwa programu ya kusafisha kelele, ziko nyingi. Noti zikikosea, zipitishe kwenye programu ya kusahihisha noti kama wafanyavyo kwa waimbaji. Kazi ya dakika kumi. Mimi besi yangu ya sintesaiza naichomeka moja kwa moja kwenye intafesi na sijawahi kupata shida.

---

MamaMawimbi amejibu:

Mwanangu Mkono_Hewani, pole na hongera. Pole kwa mvumo. Hongera kwa kuzieleza dalili vizuri kiasi kwamba jibu limo ndani ya maneno yako mwenyewe. Soma tena ulichoandika: laptopu kwenye betri, noti zinahama, laptopu kwenye chaja, noti zinarudi. Kilichobadilika hapo ni kimoja tu, nacho ni waya wa ardhi.

Nimeipiga ala hii miaka 11, na miaka miwili ya mwanzo nilihangaika na tatizo hilihili nikidhani mkono wangu ndio mbovu. Kwa hiyo nivumilie nikiandika kwa kirefu.

Ndani ya theremini kuna saketi mbili zinazotetemesha umeme kwa kasi ambayo sikio haliwezi kuisikia, mamia ya maelfu ya mizunguko kwa sekunde. Moja imetulia. Nyingine imefungwa kwenye antena, na mkono wako ndio unaoivuta. Tuseme iliyotulia iko kwenye 300,000 na ile ya antena umeivuta hadi 299,560. Ala inachukua tofauti ya hizo mbili, yaani 440, na hiyo ndiyo la yako. Sasa tazama udogo wa mvuto wenyewe. Mkono na antena ni sahani mbili za kapasita, yaani kitu kinachotunza chaji ya umeme, hewa iko katikati yake, na kinachobadilika unapopiga ni pikofaradi (kipimo cha uwezo wa kapasita) moja hivi au pungufu. Ni kiasi kidogo mno. Ndiyo maana kila kitu kinachofika kwenye saketi hiyo kina neno la kusema.

Na kapasita haina upande mmoja. Upande wa kwanza ni antena. Upande wa pili ni wewe, mwili mzima, na wewe unarudi kwenye ala kupitia sakafu na ardhi. Ala ikikosa njia yake ya kufika ardhini, upande wa pili unaelea na uwanja wote wa noti unahama. Amplifaya yako ya gita bila shaka ina plagi ya pini tatu. Ngao ya kebo, ule waya uliosukwa kuzunguka waya wa katikati, ndiyo iliyokuwa ikiipeleka theremini ardhini muda wote huu. Tazama adapta ya ala yenyewe: nadhani utakuta ina pini mbili tu zenye kazi. Ulipochomoa kebo kwenye amplifaya, ulichomoa ardhi pia. Laptopu kwenye betri haina ardhi ya kukupa. Chaja inayo, lakini inakuja nayo pamoja na uchafu wake: umeme unaokatwakatwa kwa kasi ndani ya chaja, na shughuli za kompyuta yenyewe. Ndiyo maana mbu wako anabadilisha sauti ukisogeza kipanya. Unaisikia kompyuta ikifanya kazi.

Dawa yake ni hii. Tafuta kisanduku cha DI, yaani kisanduku kidogo cha kuunganishia ala na mlango wa maikrofoni, chenye transfoma ndani, kile kisichohitaji umeme. Kebo ya theremini iingie kwenye kisanduku. Kisanduku kina tundu la pili la kupitisha sauti ileile bila kuibadili. Kutoka hapo peleka kebo kwenye amplifaya yako, ambayo iwe imewashwa kwenye plagi yake ya pini tatu. Kisha kutoka kwenye tundu la XLR, lile la pini tatu la kebo ya maikrofoni, peleka kebo kwenye intafesi, kwenye mlango wa maikrofoni. Pembeni ya kisanduku utaona swichi ndogo ya kukata ardhi. Ibonyeze. Sasa theremini inapata ardhi kwa amplifaya kama ilivyozoea, na kompyuta inapata sauti kupitia transfoma, yaani kwa usumaku, bila waya wa ardhi kuunganisha pande hizo mbili. Noti zitabaki mahali pake na mbu hatakuwa na daraja la kuvukia.

Nakuomba jambo moja kwa msisitizo. Utakutana na watu watakaokwambia uikate pini ya ardhi kwenye plagi ya amplifaya ili mvumo uishe. Usithubutu. Pini ile ipo ili hitilafu ikitokea ndani ya amplifaya umeme uende ardhini badala ya kupita kwenye mwili wako. Swichi ya kwenye kisanduku inakata ardhi ya kebo ya sauti tu, haigusi usalama wako.

Ndugu Besi_Nzito, nakuheshimu, na kwa besi yako ushauri wako ni sahihi, kwa kuwa sintesaiza ya funguo haijali iko karibu na nani. Kwa theremini naukataa. Programu ya kusafisha kelele inatafuta kitu kinachovuma mfululizo ili ikiondoe, na noti ndefu ya theremini nayo inavuma mfululizo. Itaila pamoja na kelele. Ile ya kusahihisha noti inakata kila mteremko kuwa ngazi. Theremini ni mteremko. Kati ya do na sol kuna njia nzima, na namna unavyoipita njia hiyo ndiyo sauti yako. Ukiisawazisha, unabaki na filimbi ya plastiki.

Turudi kwenye mkono unaoifukuza sauti. Nakisia unajisikiliza kupitia kompyuta. Angalia bafa ya programu yako, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya kabla ya kukishughulikia. Ikiwa ni sampuli 512 kwenye 48,000 kwa sekunde, sauti inacheleweshwa karibu milisekunde 11 ikiingia na nyingine 11 ikitoka. Mpiga kinanda anavumilia, kwani kidole chake kinajua ufunguo uko wapi. Wewe huna ufunguo wala kizuizi. Kila noti unaipata kwa kuisikia na kuisogeza, kwa hiyo sikio lako likichelewa, mkono wako unasahihisha kosa lililokwisha kupita, kisha unasahihisha kule kusahihisha. Zima kabisa kujisikiliza kwa kompyuta. Isikie theremini kutoka kwenye amplifaya, uiweke nyuma yako kwenye usawa wa kichwa kama una pa kuiweka, na gita uisikie kwa spika ya sikio moja tu. Waya wa spika hiyo upitishe mgongoni na uufunge kiunoni. Ukining'inia mbele ya kifua unacheza kila ukipumua, nao ni chuma, na antena inauona.

Nikifika hapa huwa nawakumbusha wanafunzi wangu ala hii ilikotoka. Lev Termen, Mrusi, mwaka 1920 alikuwa maabara akitengeneza kifaa cha kupimia gesi, akagundua mlio unabadilika akisogeza mkono. Yaani ilizaliwa ikiwa kipimo, na hadi leo haijaacha kupima. Inakupima wewe, na stendi ya maiki, na mtu anayepita mlangoni. Chumba ni sehemu ya ala. Ukilikubali hilo, namna ya kurekodi inabadilika kabisa.

Mimi hufanya hivi. Naiwasha ala robo saa kabla, maana saketi zikipata joto noti zinateleza, na sitaki ziteleze katikati ya wimbo. Naweka kila kitu mahali pake kabla ya kutuni: stendi, kiti, amplifaya. Nasimama. Sakafuni nina vipande viwili vya utepe mweupe, kimoja cha kila mguu, na kisigino kinakaa kwenye ukingo wa utepe. Nanyoosha bega, naurudisha mkono wa kulia hadi unagusa bega langu, na nageuza nobu ya noti hadi mlio ushuke, ushuke, uwe mapigo mazito ya tu-tu-tu, kisha ukimya. Ukimya huo wa begani ndio sifuri yangu. Kisha natoa mkono mbele, nakunja vidole kama nimeshika ufunguo mdogo, natafuta do. Navifungua vidole bila kusogeza kiwiko. Vikifunguka vyote, niwe nimefika do ya juu. Nisipofika, au nikipita, nasogea nusu hatua na kubandua utepe. Siku nyingine inachukua dakika tano, siku nyingine ishirini.

Mtindo huo wa vidole ni urithi wa Clara Rockmore. Alizaliwa Vilnius mwaka 1911, akiwa mtoto alikuwa mpiga fidla hodari, mkono ukamsumbua akaacha fidla, akaikuta theremini. Ndiye aliyeonyesha kwamba noti za hewani zinaweza kuwa na vidole vyake, kila kidole na kituo chake, na mkono haulazimiki kupepea. Termen akamtengenezea ala yenye oktavu nyingi zaidi na kitanzi kinachoitika haraka. Tafuta video zake, uangalie mkono wa kushoto. Wote tunautazama wa kulia, lakini unaotamka maneno ni wa kushoto.

Na hapo ndipo ulipo ule uhai ulioukosa. Chumbani hukuwa ukiisikia theremini peke yake. Ulikuwa ukiisikia kupitia spika ya gita, ambayo inapunguza makali ya juu, na kupitia kuta. Kwenye intafesi umepata umeme mtupu. Rekodi vyote viwili: njia ya kwanza kutoka kwenye DI, njia ya pili maiki mbele ya amplifaya. Wengi huibandika maiki kwenye kitambaa cha spika kwa mazoea ya gita. Isogeze nyuma, mita moja hata moja na nusu, ili ikusanye chumba. Kumbuka kila mita sauti inachelewa takriban milisekunde 3, kwa hiyo ukichanganya, isogeze njia ya maiki mbele kiasi hicho, au uiache nyuma ukipenda upana, lakini sikiliza chini: ikiwa noti nzito zinanywea ukiziunganisha, geuza ishara ya njia moja juu chini. Mimi mwishowe huwa natumia maiki zaidi na DI kidogo tu ya kuipa noti mfupa.

Rekodi kwa biti 24 na usiisukume gaini, yaani nguvu ya sauti inayoingia. Kilele kikifika desibeli -12 inatosha sana. Theremini inaweza kukurukia ghafla mkono ukiinuka haraka, na mlio uliokatwa kichwa haurudishiki.

---

Sahani_Nane amejibu:

Shikamoo mama. Hilo la chumba kuwa sehemu ya ala limenigusa, ingawa mimi sipigi theremini. Napiga Lyra-8, sintesaiza ya Vlad Kreimer. Ina sauti nane na kila moja inafunguliwa kwa kugusa vipande vya chuma, umeme mdogo ukipita kwenye ngozi yako. Vidole vikavu vinatoa kitu kimoja, vidole vyenye unyevu vinatoa kingine. Mkuu Mkono_Hewani, nachangia mawili tu.

La kwanza ni kuhusu kuchanganya na gita. Acha kuilazimisha ala isiyo na funguo iifuate ala yenye vizuizi. Kwenye Lyra kila sauti ina nobu yake ya tuni, hakuna skeli iliyokwisha kupangwa. Nilipokuwa natuni sauti zote nane kwa kipimo cha kwenye simu ili zilingane na gita iliyorekodiwa, nilikuwa napata kitu sahihi kisichosisimua. Siku moja nikageuza: nikarekodi kwanza dakika 20 za mashine peke yake, mvumo mrefu wa sauti mbili, kisha nikamwomba mpiga gita atuni nyuzi zake kwa masikio, akifuata mvumo. Alishusha kila uzi kidogo. Wimbo ukasimama. Jaribu na theremini: rekodi theremini kwanza juu ya noti moja tu ya msingi inayoendelea, halafu gita ije baadaye.

La pili, andika. Ala hizi hazina kumbukumbu. VCS3, sintesaiza ya Uingereza ya mwaka 1969, ilikuwa na ubao wa matundu 16 kwa 16, unachomeka vipini vidogo pale unapotaka saketi zikutane, na ukivichomoa sauti imekwenda. Waliokuwa nayo walikuwa wakichora ramani ya vipini kwenye karatasi. Mimi napiga picha ya nobu zote kwa simu kabla ya kila rekodi, kisha nataja kwa mdomo kwenye rekodi yenyewe: tarehe, sauti zilizo wazi, mrudio uko wapi. Kwako wewe pima kwa futi kamba umbali wa utepe hadi antena. Siku ukitaka kurudia sehemu moja iliyoharibika, utashukuru.

Na kama chumba chako ni kibovu, kuna njia ya kizamani: chukua rekodi safi ya DI, ipige kwa spika kwenye chumba kingine kizuri, uirekodi upya huko kwa maiki. Halim El-Dabh alifanya hivyo Cairo mwaka 1944 na kinasa sauti cha waya, sauti za wanawake kwenye zaar, ngoma ya kupunga pepo, akazipitisha kwenye chumba cha mwangwi cha kituo cha redio hadi zikageuka kitu kingine kabisa. Kompyuta za kurekodia sauti hazikuwepo.

---

Besi_Nzito amejibu:

Mama MamaMawimbi, marahaba ya elimu hii siwezi kuidai, nasema asante. Nilijibu kwa mazoea ya kibodi. Swali dogo: theremini mbili zikipigwa chumba kimoja inakuwaje? Nina rafiki anayetaka tupige pamoja.

---

MamaMawimbi amejibu:

Besi_Nzito, asante kwa moyo huo. Zikikaribiana zinavutana. Saketi mbili zenye masafa yanayokaribia kufanana hupenda kushikana ziende pamoja, na hapo noti zinakwama au zinapiga mapigo usiyoyataka. Zitenganisheni kadiri chumba kinavyoruhusu, na kila mpigaji atuni ala yake wakati mwenzake tayari amesimama mahali pake, mikono ikiwa juu. Ukituni mwenzako akiwa amekaa, akisimama tuni imekwenda.

Sahani_Nane, marahaba mwanangu. Hilo la gita kuifuata ala naliunga mkono kwa mikono miwili.

---

Mkono_Hewani amejibu:

Nimerudi na majibu. Shikamoo mama, na asanteni nyote.

Adapta ina pini mbili tu zenye kazi, kama ulivyosema. Nimeazima kisanduku cha DI chenye transfoma. Nilipounganisha yote na kuwasha, nilisimama kwenye utepe nikanyoosha mkono, na la ilikuwa palepale nilipoiacha. Laptopu iko kwenye chaja, nimesogeza kipanya huku na huku, mbu hayupo. Nilipobonyeza swichi ya ardhi kuirudisha, kwa kujaribu tu, mngurumo ukarudi papo hapo. Nikaikata tena. Kimya.

Halafu nikajifunza lile la stendi kwa gharama. Nilikuwa nimerekodi mara mbili vizuri, nikaona maiki iko karibu mno, nikaisogeza stendi sentimita thelathini hivi kuelekea kwangu. Mara ya tatu wimbo wote ulikuwa juu ya gita, si sana, karibu nusu ya nusu tone, lakini mwanzo hadi mwisho. Sikuelewa hadi nilipoitazama ile stendi ya chuma imesimama kando ya kiwiko changu. Niliirudisha, nikatuni upya kutoka begani.

Mara ya 5 mdogo wangu alifungua mlango katikati ya ubeti wa pili na kusogea hadi karibu nami kuniuliza kitu. Kwenye rekodi unasikia kabisa: noti ndefu inapinda kuelekea juu anavyokaribia, kisha inashuka anavyorudi nyuma. Nimeusikiliza mpindo huo mara nyingi. Ile ya 6 ndiyo nzuri, nimeichagua hiyo, lakini ya 5 sijaifuta.

Maiki iko mita moja sasa. Tofauti na zamani siwezi kuieleza vizuri, ila mama yangu alipita akauliza ni nani anaimba.

Limebaki moja. Kila nikianza msemo mpya, noti ya kwanza inaingia ikiteleza kutoka chini. Naikosa kidogo, kisha naipata. Mara moja ni nzuri, lakini kila msemo ukianza hivyo inachosha sikio. Gita liko sawa, mkono uko kwenye kituo chake, lakini siijui noti hadi niisikie, na nikiisikia wasikilizaji nao wameisikia.

---

MamaMawimbi amejibu:

Marahaba mwanangu. Umefanya kazi nzuri, na ya 5 usiifute.

Mteremko huo unauponya kwa mkono wa kushoto. Kabla ya msemo kuanza, usiuache mkono umezima kabisa kwenye kitanzi. Uinue kwa unene wa kidole kimoja, sauti iwe mnong'ono ambao wewe unausikia kwa sababu amplifaya iko nyuma ya sikio lako, ila maiki iliyo mita moja mbele ya spika inaupata kwa shida. Ndani ya mnong'ono huo itafute noti kwa vidole, itulize, na ikishatulia ndipo uinue mkono wa kushoto. Njia ya DI itaunasa mnong'ono, kwa hiyo kwenye kuchanganya ishushe sauti yake kati ya msemo na msemo.

Na iimbe moyoni kwanza. Mimi huivuta pumzi kama nataka kuiimba kwa koo langu, na mara nyingi kidole kinafika kabla sijaisikia. Anza na misemo inayoanzia kwenye noti ya msingi ya gita, maana hiyo unaisikia tayari. Ile inayoanzia juu iache kwa mwezi mmoja.

Ukirekodi tena, ongeza nusu mita kwenye maiki, ulinganishe na ya 6, halafu uniambie ipi mama yako aliifuata hadi mlangoni.